Van 't Hoff: Mwanakemia aliyefichua siri ya shinikizo la maji ya chumvi

Na MWANDISHI WETU

JACOBUS Henricus van 't Hoff hakuwahi kuona mtambo wa kusafisha maji ya chumvi kwa kuyasukuma katika utando. Alipofariki mnamo Machi 1, 1911, ilikuwa imesalia karibu nusu karne kabla ya mtambo wa aina hiyo kuanza kufanyiwa majaribio ya maana.

Hata hivyo, kila mhandisi anayeketi leo kukadiria ni lita ngapi za maji matamu zitakazopatikana kutoka kwa kisima cha maji ya chumvi huanza hesabu yake kwa kanuni aliyoiweka Mholanzi huyo. Na anapofika mahali ambapo mtambo hauwezi tena kutoa zaidi, hukutana na kazi nyingine ya msomi uyo huyo, aliyoifanya nchini Ujerumani katika miaka ya mwisho ya uhai wake.

Kwa nchi kama Kenya, ambako visima vingi vya maeneo kame hutoa maji yasiyonyweka, hayo si mambo ya maabara peke yake. Ni suala la kujua ni kiasi gani cha maji kitaingia katika ndoo na ni kiasi gani kitamwagwa.

Van 't Hoff alizaliwa Agosti 30, 1852, katika mji wa bandari wa Rotterdam, Uholanzi, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Babake, aliyekuwa na jina lilo hilo, alikuwa daktari wa kutibu watu.

Inasimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi wa shule ya upili, kijana huyo alikuwa akijipenyeza katika maabara ya shule siku za mapumziko ili afanye majaribio ya kemia, mengine yakiwa ya hatari. Aliponaswa na habari kumfikia babake, mzee huyo alimtengea mahali nyumbani pa kufanyia majaribio yake badala ya kumkataza.

Hata hivyo, wazazi wake hawakuamini kwamba kemia pekee ingemlisha. Mnamo 1869 alijiunga na chuo cha ufundi cha Delft kusomea kazi ya viwandani, na akakamilisha kwa miaka miwili masomo yaliyokusudiwa kuchukua mitatu.

Wakati wa likizo alifanya kazi katika kiwanda cha sukari. Kazi hiyo ya kurudiarudia jambo moja kuanzia asubuhi hadi jioni ilimchosha moyo, naye akaamua kwamba maisha ya kiwandani hayakuwa yake. Ni jambo la kustaajabisha kwamba sukari iyo hiyo ndiyo iliyokuja kumpatia umaarufu miaka 15 hivi baadaye, ingawa kwa njia tofauti kabisa.

Kutoka Delft alielekea Chuo Kikuu cha Leiden mwaka wa 1871, kisha Bonn, Ujerumani, mwaka uliofuata, alikofunzwa na August Kekulé, na hatimaye Paris katika maabara ya Adolphe Wurtz. Alirejea nyumbani na kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Utrecht mnamo Desemba 1874.

KEJELI KUTOKA LEIPZIG

Miezi michache kabla ya kupata shahada hiyo, Van 't Hoff, aliyekuwa ametimu umri wa miaka 22, alichapisha kijitabu chenye kurasa chache mno. Humo alidai kwamba atomu ya kaboni hujishikanisha na atomu nyingine kuelekea pembe nne za umbo la piramidi, wala si katika ubapa kama ilivyokuwa ikichorwa vitabuni.

Mfaransa Joseph Achille Le Bel, aliyekuwa pamoja naye katika maabara ya Wurtz, alifikia wazo kama hilo peke yake mwaka uo huo. Leo wazo hilo hufunzwa wanafunzi wa shule za upili kote duniani. Enzi hizo, wengi walilipuuza.

Wakati huo kijana huyo hakuwa na kazi ya kueleweka. Baada ya kuhangaika, alipata nafasi ya uhadhiri mwaka wa 1876 katika chuo cha mafunzo ya utabibu wa mifugo mjini Utrecht.

Cheo hicho kidogo ndicho kilichotumiwa kumkebehi. Mnamo 1877, Hermann Kolbe, profesa mashuhuri wa Leipzig aliyeogopwa na wengi, alichapisha makala makali akimdhihaki mhadhiri huyo wa chuo cha mifugo. Alimsawiri kama mtu aliyeazima farasi mwenye mabawa wa hadithi za Wayunani kutoka zizi la chuo chake ili apae angani kutazama jinsi atomu zilivyojipanga.

Van 't Hoff hakumjibu Kolbe kwa matusi. Mwaka wa 1877 alikuwa ameajiriwa na Chuo Kikuu cha Amsterdam, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa profesa wa kemia, elimumadini na jiolojia. Katika mhadhara wake wa kuingia rasmi katika wadhifa huo, Oktoba 1878, alizungumzia nafasi ya ubunifu na uwezo wa kuwaza katika sayansi.

Alikuwa amepekua maisha ya wanasayansi wapatao 200 wa zamani, na akaonyesha kwamba wengi wa waliotajika walikuwa na kipaji cha ubunifu hata nje ya maabara. Kwa ufupi, kile Kolbe alichokiona kuwa aibu, yeye alikiona kuwa sharti la kazi.

Desemba ya mwaka uo huo alimwoa Johanna Francina Mees. Walijaliwa watoto wanne, wasichana wawili na wavulana wawili.

CHUNGU CHA PFEFFER

Van 't Hoff alikaa Amsterdam kwa miaka 18. Mnamo 1884 alichapisha kitabu kuhusu kasi ya mabadiliko ya kikemia na jinsi mabadiliko hayo yanavyofikia mizani. Ni utafiti huo uliomfikisha katika suala la maji na chumvi.

Mpishi yeyote anayenyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari huona maji yakianza kutoka baada ya muda mfupi. Maji hayo hupita katika ngozi nyembamba za seli za kitunguu kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi.

Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliichunguza mapema mwaka wa 1748 kwa kutumia kibofu cha nguruwe. Lakini kwa zaidi ya karne moja hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hesabu ni nguvu kiasi gani inayoyavuta maji hayo.

Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alitoa vipimo vya kutegemewa mwaka wa 1877. Alichukua chungu kidogo cha udongo chenye vinyweleo, akautandaza ndani yake utando wa kikemia unaoruhusu maji kupita lakini unaozuia sukari. Kisha alijaza maji ya sukari, akakizamisha chungu katika maji safi na kupima shinikizo lililojengeka ndani.

Kwa maji yenye asilimia moja tu ya sukari, shinikizo hilo lilikuwa karibu theluthi mbili za shinikizo la hewa inayotuzunguka.

Pfeffer alikuwa akishughulikia mimea, na wanakemia wengi hawakusoma maandishi yake. Ilitokea kwamba Hugo de Vries, mtaalamu wa mimea na mwenzake Van 't Hoff mjini Amsterdam, alimweleza kuhusu vipimo hivyo na jinsi joto lilivyoviathiri. Mazungumzo hayo yalikuwa mbegu iliyoanguka penye rutuba.

Kati ya 1885 na 1887, Van 't Hoff alidhihirisha kwamba chembe za sukari ndani ya maji husababisha shinikizo lile lile ambalo zingesababisha kama zingekuwa gesi iliyofungiwa katika chombo chenye ujazo uo huo na joto lilo hilo. Ukiongeza sukari maradufu, shinikizo huongezeka maradufu. Ukiongeza joto, nalo hupanda kwa kiasi kinachojulikana.

Kanuni iliyokuwa ikitumika kwa hewa ilikuwa sasa inatumika kwa maji ya sukari, kwa damu na kwa bahari, mradi myeyusho si mzito kupita kiasi.

Palikuwa na kasoro moja. Chumvi ya kawaida ilileta shinikizo linalokaribia maradufu ya lile lililotarajiwa. Van 't Hoff aliingiza tarakimu ya kurekebisha hesabu bila kuweza kueleza chanzo chake kikamilifu. Kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, ndiye aliyefafanua mnamo 1887 kwamba kila chembe ya chumvi hugawanyika sehemu mbili inapoyeyuka, hivyo huhesabiwa mara mbili.

Mwaka uo huo Van 't Hoff na Wilhelm Ostwald walianzisha jarida la kemia ya kifizikia mjini Leipzig, mji alikokuwa amekejeliwa miaka 10 awali. Kolbe alikuwa tayari ameaga dunia.

HESABU YA KISIMA

Umuhimu wa kanuni hiyo kwa maji ya kunywa haukuonekana mara moja. Inaeleza nguvu ambayo maji safi hutumia kuelekea kwenye chumvi. Mtu anayetaka maji yaende upande wa pili, yaani yatoke kwenye chumvi na kuiacha nyuma, hana budi kusukuma kwa nguvu zaidi ya hiyo. Huko ndiko kusafisha maji kwa osmosisi kinyume.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na shinikizo lake la osmosisi hukaribia mara 26 ya shinikizo la hewa. Hiyo ni sawa na uzito wa nguzo ya maji yenye kimo cha zaidi ya mita 250, ambacho ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa jumba la KICC jijini Nairobi. Chini ya shinikizo hilo, hata tone moja la maji matamu halitapita.

Utando wa kustahimili kazi hiyo ulichelewa kupatikana. Katika miaka ya 1950, Charles Reid na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walionyesha kwamba asetati ya selulosi inaweza kuizuia chumvi, ila maji yalipita polepole mno. Karibu na mwaka wa 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles waliunda utando wenye ngozi nyembamba mno juu ya tabaka lenye vitundu, na maji yakapita kwa kasi ya kutumainisha.

Mnamo 1965, mtambo wa kwanza wa kuhudumia wakazi wa mji ulianza kazi Coalinga, California, mji uliokuwa ukiletewa maji ya kunywa kwa gari la moshi.

Swali lililofuata ndilo linalowasumbua wahandisi hadi leo. Kati ya maji yanayoingia mtamboni, ni kiasi gani kinaweza kutoka kikiwa kitamu?

Chukua mfano wa kisima chenye gramu tatu za chumvi ya kawaida katika kila lita. Kwa kanuni ya Van 't Hoff, shinikizo lake la osmosisi ni kama mara mbili na nusu ya shinikizo la hewa, jambo ambalo pampu ya kawaida humudu bila shida. Tuseme lita 1,000 zinaingia mtamboni na utando unazuia chumvi yote.

Zikipita lita 500 za maji matamu, chumvi yote iliyokuwa katika lita 1,000 inabaki katika lita 500 zilizosalia. Sasa kila lita ina gramu sita, na shinikizo limepanda hadi mara tano ya lile la hewa.

Wahandisi hawamwagi masalio hayo. Huyapeleka katika hatua ya pili, ambako nusu yake, lita 250, hutoka yakiwa matamu. Masalio sasa yana gramu 12 kwa lita, na shinikizo ni mara 10. Katika hatua ya tatu hupatikana lita 125 zaidi, na masalio hufikia gramu 24 kwa lita, shinikizo likiwa mara 20.

Kwa hiyo hatua moja inatoa asilimia 50 ya maji, mbili zinatoa asilimia 75, na tatu asilimia 87.5. Lakini tazama bei yake. Kila hatua inaleta nusu tu ya maji yaliyopatikana katika hatua iliyoitangulia, ilhali shinikizo la kushindana nalo linaongezeka maradufu. Hii ndiyo sababu pampu ya pili huwekwa mara nyingi katikati ya hatua ili kuongeza msukumo.

Kadhalika, mabomba yenye tando hupunguzwa katika kila hatua. Penye manne katika hatua ya kwanza, huwekwa mawili katika ya pili na moja katika ya tatu. Maji yanapungua njiani, na kama njia isipofanywa nyembamba, kasi yake hupotea. Maji yanayokwenda kwa kujikokota huacha chumvi ikirundikana juu ya utando, na hapo shinikizo la osmosisi penye utando huwa kubwa kuliko lile lililopimwa bombani.

Kwa maji ya bahari, hesabu ni kali zaidi. Kupata nusu ya maji huacha masalio yenye gramu 70 za chumvi kwa lita, na shinikizo lake hupita mara 50 ya lile la hewa. Ndiyo maana mitambo mingi ya baharini hutosheka na asilimia 40 hadi 50, na masalio hurudishwa baharini.

Yeyote anayeuza mtambo kwa ahadi kwamba hautamwaga chochote, wala hautahitaji nguvu zaidi, anapingana na hesabu iliyochapishwa mwaka wa 1887.

CHUMVI ZA STASSFURT

Kufikia katikati ya miaka ya 1890, Van 't Hoff alikuwa amechoka. Mihadhara kwa madarasa makubwa, wakiwemo wanafunzi wa udaktari, na mitihani isiyoisha vilimnyima nafasi ya utafiti. Mnamo 1896 alikubali mwaliko wa Chuo cha Sayansi cha Prussia na kuhamia Berlin, kwa makubaliano kwamba atatoa mhadhara mmoja tu kwa wiki.

Wengi walitarajia kwamba angeendelea na nadharia zilizompa jina. Badala yake, alijitosa katika suala ambalo baadhi ya wenzake waliliona kuwa la wachimba migodi.

Karibu na mji wa Stassfurt, katikati ya Ujerumani, kuna matabaka makubwa ya chumvi chini ya ardhi, masalio ya bahari ya kale iliyokauka. Humo mna chumvi ya kawaida, jasi, na chumvi za potasiamu na magnesiamu zilizotumika kutengenezea mbolea. Zimepangika kwa tabaka, na Van 't Hoff alitaka kujua ni kwa nini mpangilio uko hivyo.

Akiwa pamoja na Wilhelm Meyerhoffer, alitumia zaidi ya miaka 10 kuyeyusha chumvi hizo katika maabara, kuyakausha maji kidogo kidogo katika viwango mbalimbali vya joto, na kuandika ni chumvi gani inayojitenga na kuwa fuwele, lini, na ikiwa pamoja na nini. Ilikuwa kazi ya subira isiyo na kifani, na Meyerhoffer alifariki mwaka wa 1906 kabla haijakamilika.

Wafanyakazi wa mabwawa ya chumvi ya Gongoni, katika Kaunti ya Kilifi, wanalifahamu jambo hilo kwa macho. Maji ya Bahari Hindi yanapokauka juani, chokaa ndiyo hutangulia kutua, ikifuatwa na jasi. Chumvi ya kula huja baadaye, maji yanapokuwa yamepungua hadi karibu sehemu ya kumi. Chumvi chungu za magnesiamu na potasiamu hubaki hadi mwisho.

Mtambo wa osmosisi kinyume hufanya kazi ya jua hilo, ila ndani ya bomba. Kila hatua inayoongezwa ni sawa na kuyakausha masalio zaidi. Na kama ilivyo bwawani, chokaa na jasi hazingojei chumvi ya kula. Hutangulia, na mahali zinapotua ni juu ya utando wenyewe.

Tuurudie mfano wa kisima. Jasi huweza kuyeyuka kwa kiasi cha kati ya gramu mbili na mbili na nusu hivi katika lita moja ya maji safi. Ikiwa maji ya kisima yana gramu moja ya jasi kwa lita, hatua ya kwanza itaacha masalio yenye gramu mbili, na mambo yatakuwa salama. Hatua ya pili ingeacha gramu nne, kiasi kinachozidi uwezo wa maji hayo. Ziada hiyo hugeuka ukoko mgumu unaoziba tando za hatua ya mwisho.

Hapo ndipo mwenye mtambo hugundua kwamba pampu inanguruma kama kawaida lakini maji yanayotoka ni haba.

Wahandisi wana mbinu za kukabiliana na hali hiyo. Hutia kemikali za kuchelewesha fuwele kukua, au asidi ya kuzuia chokaa. Wengine huondoa kalisi kabla ya maji kuingia mtamboni, au huyatoa masalio katikati ya hatua, wakaiacha jasi itue katika tangi, kisha wakayarudisha kwenye tando. Wapo pia wanaobadilisha mwelekeo wa maji kila baada ya muda ili ukoko usipate nafasi ya kujenga.

Mbinu zote hizo zinasogeza kikomo, hazikifuti. Anayeongeza hatua ya tatu bila kwanza kupima kalisi, salfeti na silika ya kisima chake anajitafutia hasara. Silika hasa ni ya kuangaliwa katika maeneo yenye miamba ya volkeno kama Bonde la Ufa, kwani ukoko wake ni mgumu kuuondoa.

TUZO NA KIFO

Mnamo Desemba 10, 1901, Tuzo za Nobel zilitolewa kwa mara ya kwanza jijini Stockholm. Tuzo ya kemia ilimwendea Van 't Hoff, kwa kugundua kanuni za mwendo wa mabadiliko ya kikemia na za shinikizo la osmosisi katika miyeyusho. Ni vyema kutambua kwamba piramidi ya kaboni, iliyomletea dhihaka za Kolbe, haikutajwa miongoni mwa sababu hizo. Alikuwa na mafanikio ya kutosha bila hiyo.

Mapema mwaka uo huo alikuwa amezuru Marekani na kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Chicago. Tangu 1897 alikuwa pia mwanachama wa kigeni wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza.

Matokeo ya utafiti wa Stassfurt yalichapishwa kwa juzuu mbili, mnamo 1905 na 1909. Kufikia wakati huo kifua kikuu kilikuwa kimeanza kumdhoofisha. Alifariki katika mtaa wa Steglitz, Berlin, akiwa na umri wa miaka 58.

Zaidi ya karne moja baadaye, mitambo ya aina aliyoifungulia njia bila kukusudia imeenea kutoka nchi za Ghuba hadi pwani yetu. Katika kijiji cha Kiunga, Lamu, mtambo unaotumia nishati ya jua ulianza kuwapa wakazi maji matamu mwaka wa 2018.

Bara, kazi ni ngumu zaidi. Mnamo 2013 ilitangazwa kwamba hifadhi kubwa ya maji imepatikana chini ya ardhi ya Lotikipi, Turkana, na matumaini yakapanda. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywewa.

Mahali kama hapo hapana bahari ya kupokea masalio. Mtambo unaopata asilimia 50 pekee hulazimika kupiga maji maradufu ya yale yanayohitajika, na nusu yake humwagwa nje yakiwa na chumvi maradufu. Yakiachwa yatiririke ovyo, huua nyasi za mifugo au hurudi kidogo kidogo katika kisima kilekile. Kila asilimia inayoongezwa na hatua ya pili au ya tatu hupunguza maji yanayotolewa ardhini, lakini pia huyafanya masalio kuwa makali zaidi na magumu kuyatupa.

Uamuzi wa ni hatua ngapi ziwekwe hauwezi basi kuachiwa mwenye kuuza mtambo peke yake. Unahitaji vipimo vya maji ya kisima husika, hesabu ya nishati, na mpango wa mahali masalio yatakapokwenda, kabla ya senti ya kwanza ya umma kutumika.

Vipimo hivyo havina gharama kubwa vikilinganishwa na tando zilizoziba na mtambo uliotelekezwa. Na hesabu ya kuvitumia imekuwapo tangu enzi za mhadhiri wa chuo cha mifugo aliyedharauliwa na wakubwa wake, akaendelea na kazi.